Leseni ya Mwalimu Klachi

Jirani zangu, wenye magari na wenye kutembea kwa miguu, haya ninayowasimulia yalimpata mtu mnayemjua. Nimemwomba ruhusa mkewe, akakubali. Yeye mwenyewe nilipomuuliza alisema, "Simulia tu, lakini usinipunguzie." Basi sitampunguzia, wala sitamtilia chumvi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mwalimu alikuwa anaosha gari lake mbele ya nyumba, suruali ameikunja hadi magotini, anapiga mluzi. Gari lenyewe dogo, jeupe, rangi imechoka milangoni, na juu ya paa lina kibao chenye herufi kubwa ya mwanafunzi. Ndani yake, upande wa abiria, kulikuwa na breki ya pili, ile ya mwalimu. Gari hilo ndilo lililowalisha, ndilo lililomsomesha binti yao wa pekee, na nusu ya madereva wa mji huu walilizimisha njiani siku yao ya kwanza kulishika.

Barazani mkewe alikuwa anamsuka mteja, kitana ameking'ata kwa meno huku anagawa nywele. Binti alikuwa ameketi kwenye ngazi na kitabu, mitihani ya chuo iko karibu. Jua halijawa kali. Mwanamke aliyekuwa anasukwa alikuwa anasinzia kwa raha.

"Mwalimu," mkewe akamwambia bila kutoa kitana mdomoni, "hilo gari utalisugua mpaka litoke damu."

"Gari la kufundishia ni kama meno ya daktari wa meno," alijibu. "Likiwa chafu, nani atakuamini?"

Watu walimwita Mwalimu Klachi, na hata watoto waliomwona akipita walipiga kelele, "Klachi! Klachi kwanza!" maana hilo ndilo neno alilomfokea kila mwanafunzi kwa sauti ya kuvunja vioo. Alikuwa na sifa, na sifa hizo alizistahili. Wapo madereva wa malori, wa magari ya wagonjwa, hata askari wa trafiki, waliotoka mikononi mwake. Alijua hivyo, na alipenda kukumbushwa.

Ndipo simu ikalia mara moja mfukoni. Ujumbe. Akafuta mikono kwenye suruali, akausoma, kisha akausoma tena.

Ulisema kwamba leseni yake imesimamishwa kwa sababu ya faini ambazo hakulipa, na kwamba haruhusiwi kuendesha wala kufundisha mpaka alipe faini hizo pamoja na ada ya kurejeshewa leseni.

Faini zenyewe alizijua. Kamera iliyowekwa kwenye mteremko wa hospitali ilikuwa imemnasa akikimbiza gari, mara zote akiwa anawawahisha wanafunzi kwenye mtihani. Taarifa zilikuja kwa simu, akazifuta moja baada ya nyingine. "Kamera haijui kuendesha," alikuwa akisema. "Ingekuwa inajua, ingeona kwamba barabara ilikuwa tupu."

"Nani huyo?" mkewe akauliza.

"Hawa watu wa simu. Eti nimeshinda zawadi."

Mteja aliyekuwa anasinzia akacheka. Mke akacheka. Mwalimu naye akacheka, akachukua sifongo na kuanza kusugua mlango ule ule aliokwisha kuusafisha. Lakini mluzi haukurudi.

Jumatatu alikwenda ofisi ya leseni kwa miguu. Dirishani alimkuta mwanamke mwenye miwani, mpole, anayezungumza taratibu kama anayemchoma mgonjwa sindano.

"Unalipa faini zote na ada ya kurejesha, mzee wangu. Halafu unahudhuria darasa la marudio, wiki mbili. Halafu mtihani wa barabarani, kiwanjani pale nyuma."

"Mtihani? Mimi?"

"Yeyote aliyesimamishwa."

"Mama, mimi ndiye ninayewaleta watu kwenye huo mtihani!"

"Basi njia unaijua," alisema bila kejeli yoyote. "Mwingine, karibu."

Mwalimu akasogea pembeni, uso unamwaka. Mlango wa darasa ulikuwa wazi, akachungulia. Vijana wa pikipiki wamejazana kwenye viti, mzee mmoja wa malori amelala mdomo wazi, na mbele yao, chaki mkononi, amesimama mtu aliyemfahamu vizuri. Alikuwa mwanafunzi wake zamani. Siku moja kijana yule alishindwa kuondoa gari mlimani, likarudi nyuma mara tatu, Mwalimu kwa hasira akamshusha njiani arudi nyumbani kwa miguu. Leo yule aliyeshushwa ndiye mwenye chaki.

Akawaza: nikae pale? Nifungwe namba kifuani, nizungushwe kiwanjani mbele ya wanafunzi wangu, mimi ninayesimama pale kila Alhamisi na mikono kifuani nikiwatikisia kichwa wanaokosea? Akatoka nje haraka kama mtu aliyesahau jiko linawaka.

Jioni alimwambia mkewe nusu ya ukweli. Faini alizitaja, ada aliitaja. Darasa na mtihani akavimeza.

Mke alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na fedha alizoziweka akiba kidogo kidogo, za kununulia kile kiti chenye kofia ya kukaushia nywele, maana wateja walikuwa wameanza kumkimbilia msusi wa mtaa wa pili mwenye kiti hicho. Akaingia chumbani, akatoka nazo, akamwekea mkononi na kumfunga vidole.

"Kalipe kesho asubuhi. Dirishani, Mwalimu. Usimpe mtu."

"Dirishani."

"Niapie."

"Mama, mimi si mtoto."

Hakuapa. Mke aliliona hilo, akalipuuza. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipokosea yeye.

Nje ya ofisi ya leseni, chini ya mwavuli wa muuza vocha, hukaa mtu mmoja mnene, mcheshi, mwenye bahasha kwapani. Watu humwita Mjomba Faili. Hana kazi ofisini humo lakini anawajua wote wanaoingia, au anasema anawajua. Kwa miaka Mwalimu alikuwa akiwaonya wanafunzi wake juu ya mtu huyo. "Ukimwona, vuka barabara," aliwaambia.

Asubuhi ile hakuvuka barabara.

"Mwalimu wangu!" Mjomba Faili akasimama, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Nimesikia. Habari mbaya hazina breki. Yaani mtu mzima kama wewe, fundi wa mafundi, ukakae darasani na watoto wa pikipiki? Si aibu hiyo? Na aibu hiyo si yako peke yako, ni yetu sote uliotufundisha."

"Mimi sikukufundisha wewe."

"Nimefundishwa na uliyemfundisha. Ni wewe tu." Akashusha sauti. "Niachie mimi. Darasa hulioni, kiwanja hukioni. Wiki ijayo unaichukua leseni yako hapa hapa, moto kama mkate."

"Ni halali hiyo?"

Mjomba Faili alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Mwalimu, wewe unataka halali au unataka leseni?"

Ningependa kuwaambia kwamba alidanganywa. Nilimuuliza hivyo hivyo: ulidanganyika? Akasema, "Hapana. Nilitaka kudanganyika. Yule mtu alinisaidia tu." Akampa fedha zote za mkewe, na nyingine zake juu. Akapewa karatasi yenye mhuri mwekundu, na ahadi.

Nyumbani mkewe alimuuliza, "Umelipa?"

"Nimelipa."

Kweli alikuwa amelipa. Ndiyo ubaya wa uongo wa aina hiyo, huwezi kuushika mkia.

Wiki ijayo ikawa wiki ijayo nyingine. Mara bosi amesafiri, mara mashine ya kuchapa kadi imekufa, mara "mwalimu wangu, kesho kutwa bila kukosa." Wakati huo wote alikuwa barabarani kila siku anafundisha, na utulivu ulimhama. Shingo yake ikawa kama feni. Kila shati jeupe aliloona mbali lilikuwa askari, hata kama ni la mwanafunzi wa shule au la mhudumu wa hoteli. Pikipiki ikipiga honi nyuma, moyo unampasuka. Barabara kuu akaziacha. Akawa anawapitisha wanafunzi nyuma ya soko, kwenye vichochoro vyenye mashimo, kati ya mikokoteni na nguo zilizoanikwa.

"Mwalimu, mbona hatujaenda kwenye taa za barabarani?" mwanafunzi mmoja alimuuliza.

"Taa utaziona mpaka uzichoke. Jifunze kona kwanza."

Ikawa ni kona juu ya kona. Wanafunzi wawili wakahamia shule nyingine. Barazani kwa mkewe wanawake wakaanza mzaha, "Mwalimu siku hizi anafundisha kuwakwepa mbuzi." Mmoja wao, ambaye shemeji yake alikuwa mfagizi kule ofisi ya leseni, alijua kila kitu. Alicheka pamoja na wenzake, akalipa nywele zake, akaenda zake. Hakutaka kuonekana mmbea.

Binti aliomba siku moja apelekwe chuoni kwa gari, mvua ilikuwa imeshika.

"Baba, mbona tunazunguka huku? Nimechelewa."

"Nani dereva, mimi au wewe?"

"Nimeuliza tu, baba."

"Basi shuka uende kwa miguu kama unajua njia!"

Binti alishuka. Alishuka kweli, kwenye mvua, vitabu ameviweka chini ya sweta. Mwalimu akabaki ameshika usukani, anataka kumwita na hawezi, maana mbele kule kwenye makutano aliona koti la kuakisi mwanga, akarudisha gari nyuma upesi. Lilikuwa la mfanyakazi wa kuzibua mitaro.

Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Chakula alikionja tu. Mkewe akimuuliza, alisema ni tumbo. Na Mjomba Faili simu yake ikawa haipatikani. Chini ya mwavuli wa vocha akabaki muuza vocha peke yake, naye alipoulizwa alisema hamjui mtu huyo, walikuwa wanagawana kivuli tu.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Mkunga wa zahanati yetu, mama mtu mzima, aliyewapokea watoto wa mtaa huu pamoja na yule binti wa Mwalimu, alikuwa amenunua kigari cha mitumba ili awafikie wajawazito wa mbali bila kusubiri kubebwa. Akajiandikisha kwa Mwalimu Klachi. Alikuwa mwanafunzi mzuri, mwoga kidogo, anayeongea na gari kama anavyoongea na mzazi aliye leba. "Haya, mama, taratibu, pumua," aliliambia likianza kutetemeka.

Asubuhi hiyo alikuwa na furaha. "Mwalimu, leo sijalizimisha hata mara moja. Umeona?"

"Nimeona, Mama Mkunga."

"Leo nipitishe kwenye mzunguko mkubwa. Nikiuweza ule, nimeweza yote."

Alikosa sababu ya kukataa. Wakaingia barabara kuu. Mzunguko ulipotokea mbele, akaona mashati meupe. Hayakuwa ya wanafunzi wala wahudumu. Askari watatu wa trafiki, wamesimama katikati, mikono hewani.

"Kata kushoto."

"Kushoto wapi? Mzunguko uko mbele."

"Kichochoro hicho! Kata!"

"Sijaweka indiketa, Mwal..."

"Kata nimesema!" Akanyoosha mkono, akauvuta usukani.

Gari likaingia kichochoroni kwa kasi, na mbele yake kulikuwa na lori linashusha matofali. Mkunga akakanyaga, kwa hofu akakanyaga mafuta badala ya breki. Breki ya pili ilikuwa chini ya mguu wa Mwalimu, na ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya dakika kama ile. Lakini macho yake hayakuwa mbele. Alikuwa amegeukia kioo cha pembeni, anatazama kama askari wameona. Alipokanyaga, gari lilikuwa limeshakwepa lori na kutumbukia kwenye mtaro wa mawe. Usukani ulizunguka kwa nguvu, ukaubana mkono wa kulia wa mkunga.

Mwalimu alisikia sauti ya mfupa. Anaisikia mpaka leo.

Vibarua wa matofali waliwatoa. Yeye alikuwa mzima, amekwaruzwa paji la uso tu. Mkunga walimkalisha juu ya rundo la matofali, mkono ameupakata kama kitoto kilichozaliwa kabla ya wakati. Hakulia. Aliutazama tu, na midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Askari mmoja wa kike alikuja mbio kutoka kwenye mzunguko, akasimama ghafla alipomwona.

"Mwalimu! Shikamoo, mwalimu. Ni wewe?" Alikuwa mwanafunzi wake. "Imekuwaje mkaruka kona namna hii? Taa za mzunguko zimezimika tangu asubuhi, sisi tunaongoza magari tu. Ungepita tu, ningekupungia mkono."

Ndugu zangu, sikieni. Hakuna aliyekuwa anakagua leseni. Hakuna aliyekuwa anamtafuta.

Yule askari akapiga simu kuita gari la wagonjwa, kisha akatoa kalamu. "Nitahitaji leseni yako, mwalimu, kwa ajili ya bima. Mama huyu atahitaji matibabu makubwa."

Kichochoro kile kiko nyuma tu ya nyumba ya Mwalimu. Mkewe alikuwa amesikia kishindo, akaja anakimbia, kitana bado kimechomekwa kichwani, mikono ina mafuta ya nywele. Mwalimu akamwahi kabla hajafika, akamvuta pembeni ya lori.

"Mama, nisikilize. Wewe leseni yako iko hai. Sema ulikuwa umekaa wewe kiti cha mwalimu."

"Nini?"

"Sema ulikuwa unamsindikiza. Mimi nimefika baadaye. Hawa vibarua tutazungumza nao. Tukifanya hivyo, bima italipa."

"Kwa nini niseme hivyo?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leseni yako si uliilipia? Si nilikupa fedha mkononi?"

Mwalimu akatazama matofali.

"Ulilipa dirishani?"

Akatikisa kichwa.

"Ulimpa nani, Mwalimu?"

"Mtu. Pale nje."

Mke alimtazama, mikono inang'aa mafuta, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu aliyesimama mbele yake. Kisha akageuza uso kumwangalia mkunga pale juu ya matofali.

"Miaka yote nimekusitiri," akasema. "Ukichelewesha ada ya mtoto, nasema umesafiri. Ukigombana na wazazi wa wanafunzi, nasema unaumwa kichwa. Lakini ule mkono ndio uliompokea mwanangu. Siusemei uongo."

Akamwacha. Akaenda akavua mtandio wake, akamfungia mkunga mkono shingoni, akaketi naye, akamwegemeza begani.

Mwalimu akabaki peke yake kati ya lori na ukuta. Anasema alifikiria kukimbia. Anasema alipima hata urefu wa kichochoro kwa macho. Kisha akatembea mpaka kwa yule askari, akamwambia, "Andika kwamba sina leseni. Imesimamishwa. Na usukani niliuvuta mimi, mama huyu hana kosa."

Askari akaandika.

Yaliyofuata mnayajua kwa vipande, mimi nawaunganishieni tu. Bima ilikataa kulipa hata thumni, kwa kuwa mwalimu hakuwa na leseni. Mahakama ilimtoza faini, ikamwamuru agharamie matibabu ya mkunga, ikamfutia kibali cha kufundisha. Gari likauzwa kama lilivyo, limebonyea. Binti alisimama masomo kwa muhula mmoja, akawa anamsaidia mama yake kusuka. Kiti cha kukaushia nywele hakikununuliwa, na wateja waliendelea kupungua.

Mkunga alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma kwenye kifundo cha mkono. Mfupa uliunga, lakini vidole viwili vya mwisho havijifungi tena sawasawa. Alirudi kazini, ila mzazi mwenye shida hapokei peke yake tena. Anasimama pembeni, anamwelekeza mwenzake mdogo kwa maneno. Kwa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote kwa mikono, mwaweza kufikiria.

Mwalimu alikwenda kumwona hospitalini. Alikaa kwenye kiti, kofia ameishika magotini. Akasema, "Nisamehe kwa ile kona."

"Kona?" mkunga akamjibu. "Kila mtu hukosea kona. Mimi sikukasirikia kona. Nimekasirikia zile wiki zote ulizokaa kando yangu ukinifokea kwa kusahau indiketa, na wewe mwenyewe hukutakiwa kuwa ndani ya gari lile. Nilikuamini kama wazazi wanavyoniamini mimi."

"Nifanye nini?"

"Hilo unalijua. Usije kuniuliza mimi, nina maumivu."

Alipata kazi ya kuosha mabasi kituoni, yeye aliyekuwa akiosha gari lake tu. Akilipwa, sehemu ya kwanza inakwenda hospitalini. Alipopata fedha za kutosha akarudi kwenye lile dirisha. Mwanamke mwenye miwani alimpokea vile vile, taratibu.

Akalipa faini, akalipa ada ya kurejeshewa leseni, akapewa stakabadhi. Alipojumlisha, jumla yote ilikuwa ndogo kuliko fedha alizompa Mjomba Faili. Alisimama pale mpaka aliyekuwa nyuma yake akakohoa.

Darasani akaingia, vijana wa pikipiki wakageuka wote. Yule mwalimu mwenye chaki, yule aliyeshushwa mlimani, alimtazama, naye Mwalimu Klachi akasubiri kipigo.

"Karibu, mwalimu. Kaa popote," akasema. Kisha akaongeza, na hakuweza kuzuia tabasamu, "Ukishindwa sema tu, hapa hatumshushi mtu njiani."

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu aliona aibu ile aliyoikimbia kwa miezi imefika, imemkalia kichwani, na bado anapumua. Ilidumu muda wa kicheko kimoja. Akavuta kiti, akaketi karibu na kijana aliyemwazima kalamu.

Mtihani wa kwanza alianguka. Namba kifuani, watu wamezunguka kiwanja, akaondoa mguu haraka mno na gari likamzimikia. Kutoka nyuma sauti ikapaa, "Klachi! Klachi kwanza!" na kiwanja kizima kikaangua kicheko, na mtahini pia, na mwishowe yeye mwenyewe, kichwa juu ya usukani. Alirudi wiki iliyofuata, akapita.

Leseni anayo sasa. Kibali cha kufundisha hajarudishiwa, na huenda asirudishiwe. Anaendesha gari la kusambaza maji la mtu mwingine. Kila mwisho wa mwezi anampelekea mkunga sehemu ya deni, naye huipokea kwa mkono wa kushoto, humwambia asante, hamwambii kaa. Binti amerudi chuoni. Anapanda gari la abiria, hata siku za mvua.

Na nyumbani kwake, jirani zangu, akitumwa hata sabuni anarudi na risiti. Mkewe hajawahi kumwambia afanye hivyo. Yeye huiweka tu mezani, kando ya sabuni, na mke huisoma mpaka mwisho kabla ya kuendelea kusuka.

FUNZO

Leseni iliyosimamishwa si mwisho wa mtu. Ni jambo la kulipa, kuketi darasani, kuchekwa kidogo, na kuendelea na maisha. Kilichomwangusha Mwalimu si faini wala ada. Ni kwamba aliona bora aendeshe bila haki kuliko kuonekana kwenye foleni na watu wa kawaida. Kwa kuogopa kuchekwa siku moja, alikaa roho juu miezi, na aliyelipa zaidi ni mtu ambaye hakuwa na deni lolote.

Kwa hiyo, wewe mwenye faini ndani ya simu yako, na unajijua, nenda kalipe kabla haijazaa. Lipa dirishani, chukua stakabadhi, na mtu mcheshi mwenye bahasha mwache na mwavuli wake. Kama umesimamishwa, shuka kwenye gari leo hii, ukapande la abiria, hakuna atakayekufa kwa hilo. Wewe mke au mume, ukiona mwenzako anazunguka vichochoro na usingizi umemwisha, usikubali jibu la tumbo. Muulize mpaka mwisho, na mwambie akuonyeshe. Na wewe jirani unayejua, ambaye una shemeji ofisini, kumwambia mtu ukweli mlangoni kwake si umbea. Umbea ni kuucheka mgongoni mwake huku gari lake linapita na mtu ndani.

Barabarani hatuendeshi leseni zetu. Tunaendesha mikono ya wakunga, migongo ya vibarua, na watoto wa watu. Anayekaa kwenye kiti cha kuaminiwa na hana haki ya kukikalia, asidhani anamwibia askari. Anamwibia yule aliyeketi kando yake, aliyefunga mkanda na kumwamini.